Niliita serikali mwenyewe karakanani: uzoefu wangu na ushauri wa bure wa usalama kazini

Kinga ya msumeno wetu wa meza ilikaa rafuni zaidi ya mwaka mzima, ndani ya boksi lake, nailoni haijachanwa. Niliiona kila asubuhi nikifungua karakana, na kila asubuhi nikajiambia tutaifunga kazi zikipungua. Tunatengeneza makabati ya jikoni, watu saba pamoja nami. Kazi hazipungui, na zikipungua akili yote huhamia kwenye kodi ya jengo.

Siku moja msumeno ukaung'ata ubao na kuurudisha nyuma kwa kasi. Ukapita ubavuni mwa kijana aliyekuwa akiusukuma, ukaenda kutoboa ukuta. Hakuguswa. Akacheka, sote tukacheka kile kicheko cha watu waliokoswa, kazi ikaendelea. Usiku nikawa naliona lile tundu. Lilikuwa kwenye kimo cha tumbo.

OSHA nilikuwa naijua kama anavyoijua kila mwenye biashara hapa Marekani: lile shirika la serikali kuu la usalama kazini lililotokana na sheria ya 1970, lenye bango ambalo lazima libandikwe ukutani, na lenye faini. Kwa viwango vya 2025 kosa kubwa moja linaweza kukutoa hadi dola 16,550, na la makusudi hadi dola 165,514. Kwa karakana ya ukubwa wangu, mawili matatu ya hayo ni kufunga milango. Kwa hiyo sera yangu ilikuwa kunyamaza. Tena wenzangu walishaniaminisha kwamba mwenye watu wasiozidi 10 hahusiki kabisa.

Si kweli. Anachosamehewa mwenye watu 10 au pungufu ni lile daftari la kuandika majeraha ya mwaka. Kanuni zenyewe zinamhusu, na mfanyakazi akifa kazini ana saa 8 za kutoa taarifa. Akilazwa hospitali, akikatika kiungo au akipoteza jicho, saa 24. Haya niliambiwa kwenye simu yangu ya kwanza kwa watu wa ushauri wa bure, ambayo niliipiga bila kutaja jina, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa "rafiki yake".

Huduma yenyewe inaitwa On-Site Consultation, yaani ushauri wa kufuatwa mahali pako pa kazi. Ipo katika majimbo yote 50. Sehemu kubwa ya fedha inatoka OSHA, lakini wanaokuja si wakaguzi wa OSHA. Ni wataalamu wa idara fulani ya jimbo au wa chuo kikuu. Kule Georgia, kwa mfano, inaendeshwa na Georgia Tech, na Texas iko chini ya idara ya bima. Wanaotangulizwa ni waajiri wadogo, wale wenye watu chini ya 250 mahali pa kazi na wasiozidi 500 kwa jumla, hasa kwenye kazi za hatari kama hii yetu ya meno ya chuma. Hulipi hata senti. Hawaandiki faini, na jina lako na walichokikuta hawavipeleki kwa wakaguzi.

Lakini kuna sharti, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kulisikia ukiwa umeshakaa nao mezani. Unakubali mapema kwamba hatari yoyote kubwa watakayoikuta utairekebisha kwa tarehe mtakayokubaliana. Wakikuta jambo linaloweza kuua au kujeruhi vibaya muda wowote, unawaondoa watu hapo saa hiyohiyo. Ukikataa kurekebisha, hapo ndipo wanaweza kukukabidhi kwa wakaguzi. Nilikaa na neno hilo siku tatu. Halafu nikajiuliza hasa ninachokiogopa ni nini, maana nilikuwa najitetea nisilazimishwe kufunga kitu nilichokwisha kukinunua. Nikapiga tena, safari hii na jina langu.

Tulisubiri wiki kadhaa. Kama una dharura, usikae kuwasubiri wao, zima mashine.

Alikuja mama mmoja wa makamo, viatu vya ncha ya chuma, miwani ya kinga tayari usoni. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani atawawakilisha wafanyakazi katika mzunguko. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani nitamtembeza mimi, nikimwonyesha kilicho kizuri na kusimama mbele ya kibaya, kama ufanyavyo mgeni akija nyumba haijafagiliwa. Kumbe utaratibu unataka wafanyakazi washiriki, na mshauri ana haki ya kuzungumza nao mmoja mmoja bila mimi kuwepo. Vijana wakamchagua Mzee, fundi wetu mkubwa, Mkongomani aliyeshika randa kabla mimi sijazaliwa.

Kwa mashine ya kurandia walisimama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Waliporudi yule mama akaniuliza kama nafahamu kwamba kitufe cha kuzimia kina siku kinagoma. Sikufahamu. Vijana walikuwa wakizimia kwenye breka za umeme za ukutani, na mbele ya breka hizo tulikuwa tumeegemeza mbao za plaiwudi tangu masika. Kanuni inataka futi 3 za nafasi wazi mbele ya sanduku la breka. Sisi tulikuwa na upenyo wa kupitisha mkono. Yaani siku mashine ikimshika mtu, mwenzake angeanza kwa kupangua plaiwudi.

Nilimuuliza Mzee faraghani kwa nini hakuniambia. Akaniangalia kwa upole. "Bosi, ile kinga pale rafuni si ulikuwa unaiona kila siku? Nikasema hata hii utaiona."

Sina cha kuongeza hapo, ila kwamba kama wangenilipisha pesa kwa ziara nzima, ningelipia sentensi hiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hakuja na dawa. Alikuja na swali, na mimi sikuwa nimewahi kuliuliza.

Mengine yalikuwa madogo madogo, na aliyaandika yote. Jiwe la kunolea patasi: kibao cha kuegemezea kilikuwa mbali na jiwe, wakati nafasi haitakiwi kuzidi sehemu moja ya nane ya inchi, la sivyo patasi inamezwa. Nyaya za nyongeza zilizokuwa zimegeuzwa kuwa nyaya za kudumu. Mitungi ya kuzimia moto iliyokuwa haiangaliwi kila mwezi. Bomba la upepo tulilokuwa tukijipangusia vumbi mwilini jioni. Hilo la bomba liliniuma kidogo, maana ni raha ya siku nzima kujipuliza kabla ya kwenda nyumbani. Upepo wa kusafishia unatakiwa usizidi pauni 30 kwa inchi ya mraba kwenye ncha, na kujipuliza ngozi na nguo aliniambia tuache kabisa. Tumenunua brashi na mashine ndogo ya kunyonya. Si raha ileile.

Msumeno niliufunga kinga jioni hiyohiyo, mwenyewe. Dakika 40, nikihesabu na muda wa kutafuta spana.

Wiki mbili baadaye akaja mwenzake, wa upande wa afya. Huyu hakutazama sana; alipima. Alimbana kijana wa randa kifaa kidogo begani, karibu na sikio, na Mzee akafungiwa kiunoni kipampu chenye mpira unaopanda hadi kwenye ukosi, kikivuta hewa anayovuta yeye. Wakafanya kazi hivyo siku nzima. Vijana waliwaita maroboti.

Kelele ilitoka juu ya desibeli 90, kikomo cha wastani wa saa 8. Mpango wa kulinda masikio, wa kupima usikivu wa watu kila mwaka na kuwapa vizibo, unaanza mapema zaidi, kwenye 85. Nilikuwa nimenunua vizibo, vipo kwenye bakuli karibu na mlango. Bwana yule aliwaomba vijana wavivae mbele yake. Ni mmoja tu aliyevaa sawasawa. Wengine walikuwa wanavigusisha tu tunduni kama pamba ya marashi. Unakivingirisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unaingiza, unakishikilia mpaka kitanuke. Miaka yote hiyo hakuna aliyetuonyesha, na mimi sikuwaonyesha wao.

Vumbi ndilo lililonifikirisha. Majibu ya maabara yalituweka chini ya kikomo. OSHA haina kikomo mahsusi cha vumbi la mbao. Inalipima kama vumbi la kawaida, miligramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Nikafurahi. Akaniacha nifurahi kidogo, kisha akanieleza kwamba shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani tangu 1995, na saratani yenyewe ni ya pua. Halafu akapanda ngazi, akapitisha kidole juu ya boriti, akanionyesha. Vumbi laini likilala huko juu, likatimuka na kukutana na cheche, linaweza kulipuka. Kwa hiyo kutimiza kanuni ni jambo moja na kuwa salama ni jingine, na mtu huyu wa bure alinieleza tofauti yake wakati angeweza kunipa alama ya vema na kuondoka.

Aliuliza pia nafundisha watu kwa lugha gani. Nikamwonyesha faili: karatasi za Kiingereza, sahihi chini. Lakini wawili kati ya watu wangu wanasema Kihispania na Mzee anasoma Kifaransa na Kiswahili. OSHA inahesabu mafunzo kuwa yamefanyika pale tu mfanyakazi anapoyaelewa. Zile sahihi zilikuwa zinanilinda mimi, na hata mimi hazikunilinda. Sasa tunafundishana mashine ikiwa imezimwa, kwa lugha tatu, na kila mtu anarudia kwa mikono.

Malalamiko ninayo. Ripoti ilikuja nene, imejaa namba za vifungu, na nililazimika kuisoma mara tatu kujua kipi kianze. Ziara inakula muda: siku mbili tulifanya kazi nusunusu. Na "bure" inaishia mlangoni. Kurekebisha ni mfuko wako, na mashine ya kufyonza vumbi pamoja na mabomba yake ilinila kuliko mashine yoyote niliyonunua mwaka huu. Jambo jingine watu hulielewa vibaya: ziara hii si kinga ya kila kitu. Wakiwa wanaendelea nawe, wakaguzi wa ratiba ya kawaida husubiri, lakini mfanyakazi akilalamika au ajali kubwa ikitokea, watakuja tu.

Orodha ya hatari kubwa lazima uibandike mahali wafanyakazi wanapoiona, kwa siku 3 za kazi au mpaka zirekebishwe, lolote litakalochelewa. Nilijisikia vibaya kuibandika, yaani aibu yangu iko karibu na kikapu cha chai. Lakini wiki hiyo vijana wakaanza kuniletea mengine yasiyokuwamo: ngazi iliyolegea kipandio, taa ya stoo, harufu ya tina, ile ya kuchanganyia rangi, inayorudi kutoka chumba cha kupulizia.

Nikipewa nyota tano za kugawa, nawapa nne na nusu. Nusu naibakiza kwa ajili ya ile ripoti. Kama unajua tayari kwamba hutarekebisha, usiwaite. Kama unahofia hawatakuelewa lafudhi, waite. Yule mama alinisikiliza kuliko benki yangu.

Mabomba ya vumbi yalichelewa kufika, nikaomba niongezewe muda kwa maandishi nikaambatanisha risiti ya oda, wakaniongezea. Yamefungwa Jumamosi iliyopita. Ile harufu ya tina bado ipo, na nimeshaomba yule bwana wa kupima arudi na vipampu vyake.