Cygwin, MSYS2 na WSL 2: ipi inakufaa kwenye Windows?

Njia za kupata zana za Linux kama bash, gcc (kompaila ya C), make na grep kwenye kompyuta ya Windows si haba, na Cygwin, MSYS2 na WSL 2 (inayoendesha Linux yenyewe ndani ya Windows) ni miongoni mwa zinazotumika zaidi. Kuzilinganisha kwa kuhesabu amri ni kujichosha bure, maana amri karibu zote zimo kote. Kabla ya kusakinisha chochote, jiulize programu utakayoijenga itaendeshwa wapi.

Chukua faili ndogo ya C, `jaribu.c`, yenye printf moja tu. Ipitishe kwenye gcc ya kila upande, kisha uichungulie iliyotoka kwa `ldd`, amri inayoorodhesha faili za DLL ambazo programu inazitegemea. Ya Cygwin itakuonyesha `cygwin1.dll`, ihamishie kwenye kompyuta isiyo na Cygwin uone itakavyogoma. Ya MSYS2, upande wa UCRT64 (mazingira yake ya kujengea programu za Windows), inataja `KERNEL32.DLL`, `ucrtbase.dll` na jamaa zao, vyote mali ya Windows 10 na 11, kwa hiyo inafunguka popote penye mifumo hiyo. Ukiandika kwa C++ itadai pia `libstdc++-6.dll`, ongeza `-static` wakati wa kuijenga, dai hilo litaisha. Ya WSL 2 ukiipima kwa `file` inajibu ELF, yaani ni programu ya Linux kamili, na kuibofya kwenye Windows hakutasaidia kitu.

Kwa anayetengeneza programu za Windows, MSYS2 ndiyo chaguo letu, japo ina mitego yake. Iache ikae `C:\msys64`, kwenye njia isiyo na nafasi wala herufi za ajabu. Anza na `pacman -Syu`; pacman ndiyo inayosakinisha na kusasisha vifurushi vya MSYS2. Ikisasisha sehemu za msingi itakuambia ufunge dirisha. Funga, fungua tena, rudia amri ileile mpaka isiwe na la kufanya. Wanaoishia duru ya kwanza ndio wanaobaki na mfumo nusu mpya, nusu wa zamani. Kisha:

`pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc`

Jina ni refu, lakini usilifupishe. `pacman -S gcc` nayo inakubali bila kunung'unika, ila inaleta kompaila nyingine kabisa, ambayo programu zake zinaegemea `msys-2.0.dll`. Halafu kuna aikoni nyingi kwenye menyu ya Windows, nazo zinafanana. Ukiambiwa gcc haipo na umeisakinisha sasa hivi, andika `echo $MSYSTEM`. Jibu likiwa MSYS badala ya UCRT64, umefungua dirisha lisilo lake.

Mtego mwingine ni mkwaju. MSYS2 ikiona kigezo kinachoanza na `/` inakidhania ni njia ya faili, inakigeuza kiwe cha Windows kabla ya kukikabidhi. Ndiyo maana `taskkill /F` inalalamikia `F:/`, kitu ambacho hukukiandika. Weka mikwaju miwili, `//F`, au tanguliza `MSYS2_ARG_CONV_EXCL='*'` mbele ya amri.

Cygwin ilianza mwaka 1995 na bado inatunzwa. Sakinisha kwa `setup-x86_64.exe` na usiifute faili hiyo baadaye, kwa sababu ndiyo hiyohiyo inayoongeza na kuondoa vifurushi. Gcc na make haziji zenyewe. Tafuta `gcc-core` na `make` kwenye orodha, uzichague. Udhaifu wake ni kasi. Windows haina fork, njia ya mchakato kujizalishia nakala, basi Cygwin inaiigiza kwa kuanzisha mchakato mpya na kunakili kumbukumbu ya mzazi ndani yake. Skripti ya `configure`, inayoandaa mradi kabla ya kujengwa na kuita vijiprogramu mamia, hapo ndipo inapokokota miguu, na antivirusi ikikagua kila kimoja ni balaa. Bash ya MSYS2 imetokana na msimbo wa Cygwin, kwa hiyo nayo imerithi ugonjwa huo. Mradi unaokubali CMake na Ninja, zana za kujengea programu bila `configure`, unaukwepa kwa kiasi kikubwa.

Kazi ikiishia kwenye seva ya Linux, WSL 2 haina mpinzani. Kwenye Windows 10 toleo 2004 kwenda mbele, fungua PowerShell kama msimamizi, andika `wsl --install`, washa kompyuta upya, na Ubuntu ipo. Ukikutana na `0x80370102`, anza kwa kukagua BIOS: mara nyingi uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa. Kosa la kawaida zaidi ni kuacha mradi `/mnt/c`, yaani kwenye diski C: ya Windows. Kila faili ya huko inavuka mpaka kati ya mifumo miwili, na `git status` kwenye mradi mkubwa inakuwa ya kusubiriwa. Hamishia mradi chini ya `~`, folda yako ya nyumbani ndani ya Linux. Kutoka upande wa Windows utaufikia kupitia `\\wsl$`. Kumbukumbu ikimezwa, weka `memory=4GB` chini ya `[wsl2]` katika `.wslconfig`, kwenye folda yako ya mtumiaji ya Windows, kisha `wsl --shutdown`.

Chochote utakachochagua, usiingize `C:\msys64\usr\bin` wala `bin` ya Cygwin mwanzoni mwa PATH (orodha ya folda ambamo amri zinatafutwa) ya Windows nzima: `find` na `sort` zina majina sawa na za Windows, na skripti za zamani zitaita isiyo yake. Na ukiona `$'\r': command not found`, skripti imehifadhiwa na miisho ya mistari ya Windows. Isafishe kwa `sed -i 's/\r$//' jina.sh`, kisha weka `*.sh text eol=lf` ndani ya `.gitattributes`, la sivyo Git inaweza kuirudishia `\r` zilezile utakapoichukua tena.