Kontroboksi ya gari: mulika pini kabla hujatoa hela

Masika ya mwaka huu Toyota IST yangu ilianza kumisi, taa ya injini haizimi. Fundi akapima, akasema kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea hapa Dar, nikatoa laki mbili na nusu kununua ya mtumba. Kuibadilisha nyumbani hakukunishinda: nilifungua waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10, nikashusha boksi la dashibodi upande wa abiria, nikachomoa ya zamani, nikachomeka niliyonunua. Gari likatulia. Siku ya tatu likazima kwenye foleni ya Tabata, halikuwaka tena.

Fundi alipoifungua, bodi ilikuwa imeota kutu ya kijani. Ilishakunywa maji huko ilikotoka.

Habari za namba mnazijua: ile inayoanza na 89661 kwenye lebo ifanane na yako mpaka tarakimu ya mwisho. Wengi tunaishia hapo. Jamani, angalieni pini! Washa tochi ya simu, mulika ndani ya soketi, pitia safu moja moja. Ukiona ukijani au unga mweupe hata kwenye pini moja, irudishe kaunta. Inuse pia, tope lina harufu yake. Skrubu zilizochubuka vichwa maana yake imeshafunguliwa. Mara nyingi maji hayaui siku hiyo hiyo. Umeme ukikutana na unyevu ndipo shaba inaliwa kidogo kidogo. Na mrija wa maji ya AC ukiziba, maji yanamwagikia upande ule ule wa abiria.

Chaguo langu la kwanza ni Denso ya mtumba kutoka Japani, ije na imobilaiza (kifaa cha kuzuia wizi kinachotambua ufunguo) na funguo zake. Sifichi, Denso naipenda kuliko watengenezaji wengine. Fujitsu Ten nayo sawa, na tangu 2017 inaitwa Denso Ten.

La pili, tengeneza yako. Mara nyingi ni kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi) zilizovuja, na ufunguo wako unabaki ule ule.

La tatu, mpya kabisa. Kwa gari la 2004, bei yake sioni maana.

Zisizo na lebo, pita.

Niliporudi dukani niliambiwa, "Dada yangu, spea ya umeme hairudishwi." Kujaribu kabla ya kulipa hawataki, kurudisha hawataki, risiti nayo mpaka ugombane. Hiyo haki ya mnunuzi iko wapi? Sasa nakwenda na gari lenyewe, na hela haitoki mkononi mpaka liwake mbele ya duka.