Linux Mint kwa laptopu kuukuu ya ex-UK: miezi minne sasa, hapa Kisumu

Nyumba yetu laptopu ni moja na watu ni watano. Ni ex-UK, yaani ilitumika Uingereza kabla ya kuja huku, Core i5 ya generesheni ya nne, RAM GB 4, hadi diski ya GB 500 ile ya kuzunguka, betri ilikufa kitambo kwa hivyo inaishi mezani ikiwa imechomekwa kwa stima saa zote. Hiyo ndiyo watoto wanafanyia kazi za shule za CBC, mama watoto anaandikia mambo ya chama, na mimi naingilia eCitizen ya huduma za serikali na iTax ya ushuru. Mwaka jana ikaanza kutuonyesha kwa skrini kwamba Windows 10 inaisha tarehe 14 Oktoba 2025 na hii mashine haifai kwa Windows 11. Na kweli haifai, Windows 11 inataka Intel ya kuanzia generesheni ya nane na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, sasa ya nne itapita wapi. Microsoft walitoa nafasi ya kujiandikisha upate apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, lakini hiyo ni kusogeza siku tu. Fundi mmoja akaniambia nitoe 1,500 ailazimishie Windows 11, mwingine akasema nitafute 28,000 nichukue nyingine. Karo ya Januari imekaribia, 28,000 nitoe wapi, na hii yenyewe haijaharibika popote?

Kijana wa jirani ndiye aliniambia jaribu Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoweka badala ya Windows. Ni ya bure kabisa, hakuna mahali utaulizwa pesa, na hii toleo la 22 inapata apdeti mpaka 2029. Inakuja kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, akanichagulia Xfce kwa sababu ndiyo nyepesi. Faili ni karibu GB 3, nikaidaunlodi usiku, tukaiweka kwa flashi ya GB 8 na programu inaitwa Rufus.

Sasa hapa ndipo nataka watu wanisikie vizuri. Usifute Windows siku hiyo. Mint inawaka kutoka kwa flashi na unaitumia bila kugusa chochote kilicho ndani, unabonyeza F12 wakati inawaka (zingine ni F9 au Esc), unachagua flashi, basi. Ni polepole kiasi kwa sababu inasoma kutoka flashi lakini utajua ukweli wote. Mimi nilikaa nayo hivyo siku tatu. Sauti sawa, kamera sawa, printa nilichomeka ikajitokeza yenyewe bila sidii wala nini, nikaprinti karatasi nikaishika mkononi nikaamini. Wifi ndiyo ilikataa, haikuonekana kabisa. Kijana akaniambia chomeka simu kwa kebo, washa USB tethering, intaneti ikaingia kwa laptopu hapo hapo, tukafungua Driver Manager na draiva ya ile wifi, programu ndogo ya kuiamsha, ilikuwa kwa listi inangoja kubonyezwa. Hiyo tu. Lakini mtu aliyefuta kila kitu kwanza akikutana na hiyo saa nne usiku, ataapa hatagusa Linux tena maishani.

Siku ya kuweka kabisa nilikosea saa. Ilikuwa Jumamosi jioni na mawingu yameshatanda upande wa Nandi, na mtu wa Kisumu anajua hiyo ni nini, lakini nikasema ni dakika ishirini tu. Mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi umepita nusu, stima ikapotea. Betri hakuna, skrini ikawa nyeusi. Stima iliporudi nikawasha, Windows haipo, Linux haipo, ni maandishi meupe tu. Mama watoto akasimama nyuma yangu akauliza, "Baba watoto, na picha za mazishi ya mama je?" Zilikuwa salama, nilikuwa nimekopi kila kitu kwa hadi diski ya nje na nikaifungua kwa simu nikamwonyesha zote moja moja mpaka akatulia. Asubuhi nikarudia kwa flashi ile ile, ikaisha bila shida. Kwa hivyo kopi kwanza, na kama betri yako imekufa fanya asubuhi.

Matumizi: ilikuwa inachukua dakika nne kuwaka mpaka itulie, sasa ni chini ya dakika moja. Apdeti hazikushtukizi, kuna alama ya kangao kadogo chini pale kwa skrini, unabonyeza siku una bando. Ya kwanza lakini ilikuwa kubwa. YouTube, eCitizen, iTax, zote zinafunguka kwa Firefox iliyokuja nayo, na VLC tumeweka ya nyimbo za ohangla za mzee. Ukifungua tabu kumi na tano itakwama, GB 4 ni GB 4.

Mahali panaponiuma ni mafaili ya Word. LibreOffice, ile tunatumia badala ya Word, inafungua na inaandika vizuri, lakini mwalimu alituma kazi yenye majedwali na picha, kisanduku chenye picha ya ua kikaruka kwenda ukurasa wa pili na kasichana ketu ka Gredi 5 kakaanza kulia kwamba mwalimu atasema hakakufuata maagizo. Nikapanga kwa mkono nusu saa nzima. Siku hizi naomba PDF na walimu wengi hawana shida nayo. Shemeji yangu anayechora kadi za harusi kwa Photoshop nilimwambia asijaribu, Adobe hawatengenezi Photoshop ya Linux na hiyo ndiyo ugali wake.

Mwisho wa mwezi naongeza SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kwa sababu hii diski ya kuzunguka ndiyo inachelewesha sasa. Flashi ya Mint bado ninayo. Kama uko upande wa Kondele au Kibuye na laptopu yako imekataliwa, ilete tuiwashe nayo kabla hujatoa pesa ya nyingine, na ubebe chaja.