PhotoRec imenirudishia picha za ukoo, ila majina ya faili hayakurudi

Nimeitumia PhotoRec hapa Moshi kurudisha picha zilizofutwa kwenye diski ya nje ya GB 500, na naipendekeza kwa yeyote aliyepoteza picha. Ni ya bure kabisa, hakuna toleo la kulipia linalokukatisha katikati ya kazi. Mtengenezaji ni Christophe Grenier, na ukiipakua unaipata pamoja na programu yake nyingine, TestDisk.

Diski hiyo ndiyo ghala la ukoo wetu: kipaimara, Krismasi ambazo wote tunapanda Kibosho, bibi akiwa bado na nguvu zake anamenya ndizi uani. Binamu yangu aliiazima, akafuta folda nzima apate nafasi ya tamthilia, tena kwa Shift na Delete, kwa hiyo hazikupitia hata pipa la taka. Tulipogundua, alishanakili baadhi ya tamthilia zake.

Fundi mmoja mjini alitaka nimwachie diski aweke programu ya kurudisha faili humo humo. Nilikataa, na wewe ukiambiwa hivyo kataa. Kwenye diski ya sahani zinazozunguka, ukifuta faili, data haiondoki. Windows inaweka tu alama kwamba nafasi ile iko wazi, na picha inabaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Chochote unachoongeza, hata programu ya uokoaji yenyewe, kinaweza kukalia picha unayoitafuta. PhotoRec niliiweka kwenye kompyuta, na faili zilizookolewa nikazielekeza huko huko.

Usitegemee urembo. Ni dirisha jeusi la Kiingereza, kipanya hakifanyi kazi, unatembea kwa vitufe vya mishale na Enter. Unachagua diski (itambue kwa ukubwa wake, usije ukachagua ya kompyuta), kisha sehemu yake, kisha Other kama ni diski ya Windows, kisha Free ili itafute kwenye nafasi zilizo wazi tu. Mwisho unaonyesha folda ya kupokelea na kubonyeza C. Asiyeliweza dirisha hilo atumie QPhotoRec, ina vitufe vya kubofya.

Kwangu ilikesha ikifanya kazi, na nashukuru umeme haukukatika. Haitegemei orodha ya faili iliyomo kwenye diski. Inapekua diski yenyewe ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Picha ya aina ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Ndiyo maana inaokoa hata diski iliyofomatiwa kwa haraka. Na ndiyo maana majina na mpangilio wa folda vinapotea. Nilikuta folda recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, ndani yake faili zinazoitwa herufi f na tarakimu. Zinazoanza na t ni vijipicha tu, nilizitenga. Nashukuru tarehe ya kupigwa hukaa ndani ya picha, nikazipanga kwa mwaka. Ni kazi ya kuchosha, lakini inawezekana.

Picha nyingi zimerudi safi kabisa. Zilizokaliwa na tamthilia ndizo zilizoumia: nyingine hazikuonekana, na moja ya bibi inaonyesha kilemba na macho, kuanzia puani kushuka chini ni kijivu tupu. Nusu hiyo imekwenda, hakuna programu ya kuirudisha. Video kadhaa nazo hazichezi, kwani faili kubwa huweza kutawanyika vipande vipande kwenye diski na PhotoRec haina uwezo mkubwa wa kuviunganisha.

Kama unatafuta nyaraka za ofisi na majina yake ni muhimu, anza na TestDisk au Recuva. Hizo husoma kumbukumbu za faili zilizobaki kwenye diski, na mara nyingi jina hurudi nalo. PhotoRec iwe ya pili.

Kwa SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka) ya ndani ya kompyuta, matumaini ni madogo: amri ya TRIM huiambia diski kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo huisafisha yenyewe. Na diski inayogonga ta-ta-ta usiiwekee programu yoyote. Hapo kilichoharibika ni chombo chenyewe. Ichomoe umeme, umtafute fundi mwenye vifaa vya kuifungua.