Duka la dawa za mifugo Tukuyu, kabla ya kukuuzia wanauliza mnyama kala nini

Wafugaji wa Rungwe, kama una ng'ombe wa maziwa hili duka la pale Tukuyu mjini nalipatia nyota nne, na zote ni za yule dada daktari wa mifugo anayekaa kaunta. Juzi nimemkuta mama mmoja anataka tyubu za dawa ya kiwele, mbuzi wake kavimba kiwele na maziwa yamekata ghafla, dada akamuuliza, mama, huko nyumbani mnapogoa maparachichi? Mama akasema ndio, matawi tunawapa mbuzi wanayapenda sana. Akaambiwa acha leo hii, majani ya parachichi yana sumu inayoharibu kiwele, na mnyama akila mengi inashuka mpaka kwenye moyo, anavimba shingo na kifua anakufa. Sasa huku kwetu kila mtu kapanda maparachichi ya Hass, na matawi mengi yanaishia bandani jamani!

Kilichonifurahisha zaidi ni habari ya mkojo mwekundu. Wengi wetu tukiuona tunakimbilia sindano ya ugonjwa wa kupe, yeye anakwambia kwanza mpime joto ng'ombe, halafu kinga mkojo kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani uuache utulie. Damu ikizama chini juu kukabaki kweupe, na homa hana, uliza kama anakula zile ferni zinazoota zenyewe shamba likichomwa moto, maana akizila miezi na miezi kibofu kinaota uvimbe. Ukibaki mwekundu wote juu mpaka chini na homa ipo, hapo ndo fikiria kupe. Ule mmea wa lantana pia anao mkavu kwenye boksi anakuonyesha, hiyo inaua ini, macho yanakuwa njano na zile sehemu nyeupe za ng'ombe wa Friesian zinachubuka juani.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu dada akiwa hayupo kijana anayebaki anakuuzia chochote unachotaja, haulizi kitu, hiyo sio sawa kabisa. Na dawa ya sumu ya mtama hawaweki. Mtama mchanga au uliochipua upya baada ya ukame una sumu ya sianidi, ng'ombe akiula anahema haraka, anatetemeka, anaweza kufa ndani ya dakika chache, sasa mpaka uifuate Mbeya mjini si utarudi ukute ashakufa? Waiweke tu hapo dukani, hata kama inakaa muda haijanunuliwa.