Kijivu kilichokolea au nyeupe kabisa: rangi za ndani kwa nyumba za Mwanza

Kwa sebule yenye dirisha moja dogo, hasa nyumba za milimani zilizobanwa na mawe, chukua nyeupe. Hurudisha sehemu kubwa ya mwanga; kijivu kilichokolea huumeza, na utawasha taa mchana.

Lakini nyeupe ya mati, ile isiyong'aa, haifai hapa. Wadudu wa ziwani hufuata taa usiku, na ukiwafuta ukutani huacha madoa yasiyotoka. Nunua ya silki, inayofutika kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo.

Kijivu kinapendeza, tena sana, kwenye ukuta mmoja unaotazamana na dirisha. Tatizo lake ni kwamba hakifichi kasoro: kila mkwaruzo huonekana mweupe, na mwanga wa pembeni hufichua skimu (lipu laini ya kusawazisha ukuta) iliyopigwa vibaya. Piga msasa laini, futa vumbi, weka praima (rangi ya msingi) ya kijivu, kisha mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, pengine mitatu. Fundi asiache rola ikauke katikati ya ukuta. Mapigo yatabaki na mistari. Kopo zote zichanganywe siku moja dukani, kisha uzimimine pamoja kwenye ndoo, maana ukolezo wa rangi hutofautiana kati ya kopo na kopo.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo 2.8, kina ukuta wa takriban mita za mraba 38 ukitoa mlango na dirisha. Mikono miwili hula kama lita 8 za rangi.

Ukuta wenye unyevu usiupake chochote kabla haujakauka. Rangi yoyote itabanduka.