CRADLE VSA: kipimo cha presha chenye taa tatu, na yale ambayo taa hazioni

Zahanati yenye fedha ya kipimo kimoja tu cha presha kwa ajili ya wajawazito iangalie kwanza Microlife CRADLE VSA. Kimebuniwa pamoja na wataalamu wa King's College London, na kimehakikiwa kwa wajawazito, hata wenye dalili za kifafa cha mimba. Uhakiki huo si jambo dogo: kwa wanawake hao, baadhi ya mashine za madukani husoma presha chini kuliko ilivyo.

Kinachajiwa kwa waya wa simu wa kawaida. Upepo unajazwa kwa kubana mpira, kisha mashine inaushusha yenyewe. Kujaza kwa mkono kunaokoa chaji, lakini makosa mengi huanzia hapo. Usipopita presha ya mama kwa milimita 30 hivi, kipimo kinakataa kusoma. Ukirudia papo hapo mara mbili tatu, damu inajaa mkononi na namba zinaharibika. Subiri dakika moja. Kabla ya kupima, mama aende haja ndogo, apumzike dakika 5, aegemeze mgongo, mkono ukae usawa wa moyo, na mazungumzo yasimame, ya muuguzi pia.

Uzuri wake hasa ni taa. Njano yenye mshale wa juu ni presha kuanzia 140 kwa 90. Nyekundu ya juu, kuanzia 160 kwa 110, na namba moja ikifika inatosha. Mshale wa chini unatokana na hesabu nyingine: mapigo ya moyo kwa dakika yakigawanywa kwa namba ya juu ya presha. Mapigo 110 kwa presha 100 ni 1.1, na njano huanza 0.9. Nyekundu ya chini huanza 1.7. Hesabu hiyo humfichua mama anayevuja damu wakati presha yake peke yake bado haitishi. Ndiyo maana anayeandika "njano" daftarini bila mshale hajaandika kitu: mama wa mshale wa juu anahitaji kupimwa protini kwenye mkojo, wa mshale wa chini kutafutiwa damu inakotoka.

Katika jaribio kubwa la maeneo 10, Uganda ikiwemo, matokeo yaliyotolewa 2019 hayakuthibitisha kwamba kifaa pamoja na mafunzo ya kukitumia vinapunguza vifo na kifafa cha mimba. Haishangazi. Taa nyekundu bila magnesium sulphate (dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba) kabatini, dawa ya kushusha presha na gari la rufaa ni taa tu.

Kwa upande wa moyo, tahadhari iwe kubwa zaidi. Taa ya kijani, isiyoona hatari yoyote kati ya hizo, haimaanishi moyo ni mzima. Ugonjwa wa misuli ya moyo unaotokea kati ya mwezi wa mwisho wa ujauzito na miezi 5 baada ya kujifungua unaweza kuwepo presha ikiwa ya kawaida kabisa. Mama anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, anayekohoa usiku na kuvimba miguu apelekwe kwenye kipimo cha ekko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), hata taa iseme nini. Vali ya moyo iliyobanwa kutokana na homa ya baridi yabisi nayo haionekani hapa, na mapigo yakienda ovyo, mashine za aina hii hukosea: shika mshipa wa mkono, hesabu dakika nzima.

Kipimo kisifungiwe kabatini mtoto akishazaliwa. Aliyepata kifafa cha mimba au dalili zake ana hatari ya ugonjwa wa moyo karibu mara mbili ya wengine miaka ya baadaye. Apimwe wiki ya 6, kisha kila mwaka. Kliniki ya mtoto inamleta mlangoni hata hivyo, na kumpima hapo hakumgharimu nauli ya pili.

Unapoagiza, soma sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda unaofungwa mkononi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na rufaa za bure zinaongezeka. Omba na mkanda mpana, pamoja na mmoja wa akiba: mpira wa upepo na gundi ya mkanda huchoka kabla ya mashine.